Kijisanduku Kiziwi cha Mbekenyera

Siku ya kuniaga walinipa kipaza sauti niwape vijana neno. Nililitoa, likafia kwenye muziki na soda, na sina hakika kama kuna aliyelisikia zaidi ya mpiga picha. Kwa hiyo naliandika, nikiwa barazani kwangu Nachingwea, bila kipaza sauti. Vyeo na mishahara sitavigusa. Anayetaka habari hizo aende masjala, faili langu bado lipo. Nataka kueleza kazi yenyewe, na hasa kijisanduku kimoja kilichokataa kusikia, na binti mmoja aliyekaribia kuangamia kwa sababu hiyo.

Mimi ni Skolastika, Mama Skola kwa wengi wenu. Nimezaliwa Ruponda, nikasomeshwa na masista, nikaanza kazi kabla simu za mkononi hazijatufikia. Wakati huo hospitali na vituo vyake vya vijijini viliongea kwa redio kolu, na fundi wa redio hizo alikuwa Mzee Chilumba, mtu wa swala tano na maneno machache. Siku yangu ya kwanza alinipa brashi na kitambaa, akaniambia nifute vumbi redio zote. Nilikuwa na cheti kwenye mkoba, nikanuna. Kesho yake akanipa kitambaa kilekile.

Nilipokwisha kuzoea kununa, aliwasha redio mbili mbele yangu. Moja ikachemka kama mafuta kikaangoni. Nyingine ikatulia tuli.

"Ipi nzima?" akauliza.

Nikaonyesha ile iliyotulia. Mzee alicheka mpaka akavua kofia.

"Redio nzima haikai kimya, binti. Hata watu wote wakinyamaza, yenyewe inachemka. Ukiikuta kimya kabisa, usiseme watu hawasemi. Sema redio haisikii."

Nililiweka neno hilo kichwani nikaendelea na vumbi langu. Mzee alikuja kufa miaka mingi baadaye, na mazishini nilitaka kulisimulia nikashindwa. Basi nimelisimulia hapa.

Vifaa vyangu vilikuwa vichache. Koleo la kubania vichwa vya waya, tochi, brashi ya rangi, kipimaumeme, na gazeti la kukalia. Brashi msiidharau. Msimu wa korosho vumbi la huku linaingia kwenye kompyuta kana kwamba limeitwa. Panya nao wana kazi yao. Pale Kiegei waliwahi kula waya wa mtandao mita nyingi na kuacha ule wa umeme, nikaamini kuna waliosoma. Na kuna radi. Aliyewahi kuona redio iliyopigwa radi, plastiki imeyeyuka kama mshumaa, hasubiri kuambiwa. Ngurumo ya kwanza ikisikika kila mtu huku anajua la kufanya: televisheni inachomolewa, simu inazimwa, kioo kinafunikwa kanga. Mkono unatenda wenyewe wakati mdomo unaendelea na maongezi.

Sasa niingie Mbekenyera. Redio kolu zilikuwa zimekwisha kuwa vyuma chakavu na vituo vimeunganishwa kwa kompyuta. Upande ule, wilayani Ruangwa, tulihudumia kituo kidogo chenye maabara lakini kisicho na friji ya damu. Mgonjwa akihitaji damu, mhudumu wa maabara alijaza ombi kwenye kompyuta, likaenda hadi hospitali moja ya Nachingwea, na huko mkuu wa maabara akaipakia damu kwenye gari, ndani ya sanduku la barafu. Jina la hospitali naliacha. Wanaohusika wanajijua.

Mkuu huyo wa maabara alikuwa Kaspari, mtu makini, shati lake limepigwa pasi hata Jumamosi. Tulikuwa kwaya moja, yeye besi. Mhudumu wa Mbekenyera alikuwa Zena, mzaliwa wa palepale, binti wa wakulima wa ufuta, mwenye mwandiko mzuri na aibu nyingi.

Mchana mmoja wa msimu wa mvua Bi. Somoe, jirani yake Zena, alimleta mwanawe Shaibu, malaria imemmaliza damu. Zena akatuma ombi. Kompyuta ikamwandikia: Imetumwa. Wakasubiri gari, halikuja. Akapiga simu ya Kaspari, haipatikani. Akatuma ombi tena, kompyuta ikaandika tena: Imetumwa. Jioni, wakati wanatafuta usafiri wa kumpeleka mtoto, Shaibu akafa mikononi mwa mama yake.

Nachingwea walisema hakuna ombi lililofika. Kaspari aliifungua seva kikaoni, kila mtu akaona: tarehe ile, hakuna kitu. Na haikuwa mara ya kwanza. Msimu ule maombi mengine ya Mbekenyera yalikuwa yamepotea, ila wagonjwa wale Mungu aliwanusuru. Wakubwa wakakata shauri kwamba Zena hatumi, na akishaona mambo yameharibika ndipo anasema alituma. Akatakiwa ajieleze, la sivyo aondoke maabara.

Zena aliniambia baadaye kuwa kazi isingemuua. Kilichomla ni Somoe. Wamechota maji kisima kimoja tangu wadogo, na sasa Zena akimsalimia, Somoe anapita kama aliyesalimiwa na ukuta.

Mimi sikujua nani mkweli. Nilimpenda Kaspari na nilimhurumia Zena, na mapenzi na huruma havipimi waya. Nikasema tutege mtego kituoni, tuone kama ombi linatoka.

Mtego ulitoka kwa Rehema, mhandisi wa Dar es Salaam mwenye umri wa mwanangu wa mwisho. Alinitumia kijisanduku kinachoenea kiganjani, cha kunasa pakiti. Kwa wasio wa fani: ujumbe kwenye mtandao unakatwa vipande, kila kipande kina anwani ya kilikotoka na kinakokwenda, na vipande hivyo ndivyo pakiti. Swichi, lile sanduku linalogawa mtandao kwa kompyuta zote, unaweza kuiamuru itoe nakala ya kila kinachopita na kuipeleka tundu moja. Kijisanduku kinakaa kwenye tundu hilo na kuhifadhi nakala kwenye kadi ya kumbukumbu.

Ndani yake hakikuwa na Windows wala ndugu zake. Kiliendesha kitu wanachokiita yunikeneli. Kompyuta ya kawaida ni nyumba: unabisha hodi, unaingia, unakaa, unaiuliza habari za kadi yake ya mtandao na unaiamuru. Yunikeneli ni programu moja iliyoshonwa pamoja na vile vichache tu inavyohitaji, ikawaka peke yake juu ya mashine. Haina mfumo endeshi wala mahali pa kuandika amri. Hata kadi ipi isikilizwe huamuliwa siku inapotengenezwa. Ni nyumba isiyo na mlango. Rehema aliisifu kwamba mwizi hapati pa kuingilia. Nilitaka kumuuliza fundi naye ataingilia wapi, lakini mtandao wa simu ukakatika.

Nilikifunga, nikaona taa zinacheza, nikarudi Nachingwea. Baada ya muda likapotea ombi jingine, bahati nzuri la mgonjwa asiye na haraka. Kadi ya kumbukumbu ikaletwa, tukaifungua kikaoni. Faili la siku ile lilikuwepo. Ndani, hakuna pakiti hata moja.

Kaspari hakufurahi, namtendea haki. Alisema kwa upole, "Mama Skola, mtambo ni wako mwenyewe. Umesema hakuna kilichotoka."

Wote wakaniangalia. Moyoni nilikwisha kumwona Zena akifunga virago. Nikaiangalia tena ile karatasi nyeupe ya faili, nikamsikia Mzee Chilumba akicheka. Maana mtandao mzima haunyamazi kamwe. Hata watu wote wakitoka kwenda kula, printa inauliza nani mwenye anwani fulani, kompyuta inajibu, modemu inajitangaza. Hakuna mtandao mtupu namna ile.

"Huku si kunyamaza," nikasema. "Huku ni kutosikia. Kijisanduku ni kiziwi. Nipeni nafasi nikamtibu."

Mmoja wa wakubwa akasema mafundi hatukosi maneno. Nikamwitikia kwamba ni kweli.

Nilipanda basi dogo hadi Ruangwa, kisha bodaboda. Zena alinipokea amekonda, shingo imekuwa ndefu.

"Shikamoo, mama. Umekuja kunitoa?"

"Marahaba. Nimekuja kupima masikio ya mashine. Yako sina shida nayo."

Nilianza pale panapoanzwa, kwenye waya. Niliuchomoa kwenye kijisanduku, nikauchomeka kwenye laptopu yangu, nikasikiliza. Pakiti zikamwagika kama ufuta ukipigwa. Waya mzima, swichi inatoa nakala kama ilivyoamriwa. Basi ugonjwa uko ndani ya kijisanduku, kule nisikoweza kuingia. Ukishindwa kuingia, zunguka nje. Nikakigeuzageuza. Kwa nyuma kina matundu mawili ya waya yanayofanana kama mapacha, kila moja na kadi yake ya mtandao, na yunikeneli ilitengenezwa isikilize la kulia tu. Waya nilioukuta ulikuwa kwenye la kushoto.

"Zena, nani aligusa hapa?"

"Mimi. Si kulikuwa na radi? Nilichomoa vyote, ikatulia nikarudisha. Taa zikawaka."

Alilisema kama mtu anayesema alipiga chafya, nami nikalipokea hivyohivyo. Kompyuta ya kawaida ingemsamehe. Ingeukuta waya popote ulipo. Hii haikujua kwamba tundu la kushoto lipo duniani. Taa kuwaka maana yake ni kwamba umeme umekutana na umeme, basi. Binti wa watu alikuwa ameziba kwa mkono wake sikio lililoletwa kumtetea. Nililiziba tundu la kushoto kwa gundi na karatasi, ufundi ambao hautajwi vyuoni.

Nikawasha upya. Sasa kilisikia, lakini nusu. Kilinasa zile kelele za jumla zinazotangaziwa wote, ila Zena akituma ombi la majaribio, hola. Nikampigia Rehema.

"Mama, mbona hapa ofisini kinanasa freshi kabisa?" akasema.

"Hapo ofisini kimekaa juu ya nini?"

Kisha akasema, "Aisee."

Ni hivi. Kadi ya mtandao kwa asili ina adabu: pakiti isiyo na anwani yake inaitupa, haisomi barua za watu. Anayetaka kunasa lazima aiambie ivunje adabu, ipokee kila kitu. Kule Dar yunikeneli iliwashwa ndani ya kompyuta kubwa, na ile kompyuta ndiyo ilikuwa imeiambia kadi hivyo. Huku Mbekenyera imesimama kwa miguu yake, hakuna aliyeiambia, na pa kuiambia hapapo. Dawa ni kuitengeneza upya. Rehema akaongeza agizo hilo, akaishona programu upya akanitumia kwa simu. Kwa hilo naisifu yunikeneli: ilikuwa ndogo kuliko video za harusi mnazonitumia. Niliiweka kwenye kadi ya kumbukumbu, nikawasha, Zena akatuma jaribio. Nikaisoma kadi kwenye laptopu, tukaliona limepita, kipande kwa kipande, anwani ya Mbekenyera kwenda Nachingwea. Zena akakigusa kioo kwa kidole.

Lakini jaribio hilo lilifika salama. Ugonjwa wetu ulikuwa wa siku mojamoja. Nikalala kwa Zena siku kadhaa, tukawa tunatuma asubuhi na mchana, nikala kisamvu hadi nikaombwa radhi kwa kisamvu. Mchana mmoja, jua limewaka na nguo zinakauka, Zena akatuma. Kompyuta: Imetumwa. Nikapiga simu Nachingwea kuuliza kama limefika, namba ya Kaspari haipatikani. Nikatoa kadi ya kijisanduku, nikaifungua kwenye laptopu.

Lazima mjue kompyuta mbili zinavyoanza kuongea. Ya kwanza inabisha hodi. Ya pili inasema karibu. Ya kwanza inasema asante, ndipo inatua mzigo. Kwenye nakala yetu kulikuwa na hodi. Kisha hodi. Kisha hodi. Karibu haikuwepo. Programu ya maombi, baada ya hodi ya tatu, ikageuka na kuandika Imetumwa. Aliyeitunga alilelewa vizuri: hodi tatu, usipojibiwa unaondoka. Ila mstaarabu aliyegeuzia mlangoni haendi kutangaza kwamba ameonana na mwenye nyumba.

"Kwa hiyo nilibisha," Zena akasema.

"Ulibisha, mwanangu. Wao ndio hawakuitikia."

Alikaa chini sakafuni akalia kwa sauti. Nami nililia, sioni aibu kuliandika.

Ikabaki swali: kwa nini Nachingwea hawaitikii? Nilirudi na nakala mkononi, nikaenda moja kwa moja kwa Kaspari. Alinisikiliza vizuri, akaagiza chai. Aliamini hodi zimetoka, lakini aliapa mashine zake ni nzima mchana na usiku, na anayetaka aje azikague.

"Mimi siondoki hapa, Skola. Ombi likija naliona. Mashine hizi nimezitunza kuliko gari langu."

Nje mawingu yalikuwa yamefunga. Ikanguruma, mbali, upande wa milima. Kaspari akasimama akiwa bado anaongea. Akachomoa modemu, akachomoa seva, akazima simu yake akaiweka mezani kifudifudi. Mimi nilikuwa karibu na swichi, nikamsaidia: nikachomoa waya uliokuwa upande wangu. Akatandika kitambaa cheupe juu ya kioo cha kompyuta, akakinyoosha pembe, akaketi.

"Kama nilivyokuwa nasema," akaendelea, "hapa hakuna kitu kinachozimwa."

Nilikuwa bado nimeushika ule waya. Niliuangalia, nikamwangalia yeye. Niliuinua tu juu kidogo, auone.

Aliutazama waya, akakitazama kitambaa chake, kisha dirisha. Niliona uso ukimshuka. Nachingwea inaweza kunguruma mchana kutwa huku Mbekenyera wameanika nguo. Miaka yote tumelijua hilo na hakuna aliyelitilia maanani.

"Siku ya yule mtoto," akasema polepole, "ilinguruma tangu adhuhuri."

"Na simu?"

"Si naizima, Skola. Kila mtu si anazima?"

Mimi nazima hadi leo. Siwezi kumcheka. Kabla ya hapo radi ilikwisha kumuunguzia mashine moja ya kupimia, na aliulizwa kwa ukali kwa nini hakuichomoa. Alijifunza, akachomoa. Alichofunzwa kwa ukali ndicho kilichomfungia mlango Zena. Alikaa ameshika kichwa mpaka chai ikapoa, na mvua ilipokatika ndiye aliyetangulia kurudisha nyaya, akasubiri taa zote ziwake.

Kazi iliyofuata ilikuwa nyepesi. Tulizika waya wa ardhi mahali pote pawili na kufunga vikinga radi. Programu ya maombi ikarekebishwa: haiandiki Imetumwa mpaka iitikiwe karibu, na isipoitikiwa inabisha tena na tena, na kumpigia kelele mhudumu atafute njia nyingine. Shauri la Zena likafutwa kwa sentensi moja kikaoni, kisha wakaingia ajenda ya mafuta ya gari.

Kaspari hakutosheka na sentensi ile. Alisema anakwenda Mbekenyera mwenyewe, akaniomba nifuatane naye. Tulimkuta Zena, tukaenda watatu kwa Bi. Somoe. Uani mabua ya ufuta yalisimamishwa yakauke. Kaspari, na shati lake la pasi, akasimama mbali kidogo na mlango.

"Hodi."

Kimya. Ndani tulisikia sufuria ikitua chini, kwa hiyo mtu yupo.

"Hodi hapa."

Kimya.

"Hodi jamani."

Hakuna. Kaspari ni mtu wa adabu. Akainamisha kichwa, akageuka aondoke. Zena akamshika mkono wa shati.

"Usigeuke, bwana. Bisha tena."

Akabisha. Akabisha tena. Mara ngapi sikuhesabu. Mwishowe Somoe akatoka, kanga kaifunga kiunoni, akasimama kizingitini.

"Ombi la mwanao lilitumwa," Kaspari akasema. Sauti yake ya besi ilikuwa imekwisha. "Huyu alilituma, akalirudia. Aliyekuwa amechomoa ni mimi. Ilikuwa inanguruma."

Somoe alimtazama muda mrefu. Hakumtukana, wala hakumkaribisha ndani, na Kaspari hakungoja kukaribishwa. Alibaki palepale juani. Kisha Somoe akamwondolea macho, akamtazama aliyekuwa nyuma yake.

"Zena," akasema. "Hujambo?"